Fito Nyuma ya Lipu

Dari ya chumba cha watoto ilianguka siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, watoto wakiwa shuleni. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa saa ile. Nilikuwa jikoni nikichambua maharage, nikasikia mshindo kama wa gunia la unga linalobwagwa kutoka mgongoni mwa mtu, kisha kimya. Nilipofungua mlango nilikuta kitanda cha binti yangu kimefunikwa na mabonge ya lipu, mengine makubwa kama sinia, na vumbi jeupe limejaa chumba kizima.

Nikatazama juu. Pale palipotoboka niliona vijiti vyembamba vya mbao vimepangwa sambamba, kila kimoja kimeachana na mwenzake kwa upana wa kidole kidogo. Nilisimama mlangoni, vumbi likinishukia kichwani, nikasema kwa sauti ingawa sikuwa na mtu wa kunisikia: "Kumbe na hawa Wamarekani wanajenga kwa fito."

Tulikuwa tunaishi Linden, mjini Columbus, katika nusu ya nyumba ya zamani ya matofali. Nusu nyingine ilikuwa na familia ya Kirundi. Kabla ya hapo tulikaa miaka mitatu Louisville, upande wa Highview, katika nyumba za kupanga ambazo ukigonga ukuta unasikia utupu ndani. Kule nilifanya kazi katika ghala kubwa. Nilisimama kwenye mkanda unaotembea, nikafunga maboksi, boksi likaenda, likaja lingine. Sikuona aibu kwa kazi ile, kwa maana ilitulisha. Lakini kwa miaka mitatu sikuwahi kurudi siku ya pili nikakuta kitu nilichokifanya jana kikiwa bado pale. Kisha mume wangu alipata kazi ya kiwandani Columbus, wifi yangu alikuwa huko tayari, tukahama. Nikaingia ghala jingine.

Kwetu ni milimani juu ya Uvira. Kule wanaume husimamisha miti na kufunga fito, na wanawake hukandika. Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha: udongo wa kwanza unatupwa kwa nguvu ili uingie katikati ya fito, wa pili unanyooshwa, na wa mwisho ni samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, unasiribwa kwa kiganja mpaka ukuta ung'ae. Kila kiangazi tulisiriba upya. Nilikuwa na sifa ya kuta laini, wanawake wa vilima vya jirani walikuwa wakiniita niwasaidie mtu akioa. Halafu vita vikaja, tukakimbia, tukaishi chini ya turubai miaka mingi kambini, na kazi ile ikanitoka akilini. Sikuwahi kudhani kwamba mikono yangu ilikuwa na elimu. Katika karatasi zote tulizojaza za kuja Marekani, mahali palipouliza ujuzi wangu, waliniandikia: hana.

Mwenye nyumba alisema atatuma mtu. Nilitegemea vijana wawili na mbao za jasi, ambazo hupigiliwa misumari kwa saa moja na kazi imekwisha. Aliyekuja ni mzee mmoja, Mmarekani mweusi, mrefu, aliyevaa suruali nyeupe na shati jeupe lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda kubatizwa. Alitandika turubai sakafuni, akakwangua kingo za lile tundu, akagusa fito moja moja na kupigilia upya zilizolegea. Kisha akachanganya lipu kwenye ndoo na kuanza kuibandika.

Nilikuwa na siku tatu za mapumziko kazini, nikazitumia kumtazama. Siku ya pili akasema bila kugeuka:

"Umesimama hapo tangu jana. Unataka kuuliza nini?"

Nilimwuliza kwa Kiingereza changu cha ghala, kifupi, chenye maneno machache, kwa nini anaikandamiza lipu hivyo badala ya kuipaka tu.

"Ili ipite kati ya fito, ivimbe upande wa pili na kujikunja," alijibu. "Ile iliyojikunja ndiyo inayoshika. Dari hii inajishika yenyewe kwa kucha zake, kama paka juu ya mti."

"Najua," nikasema.

Hapo aligeuka. "Unajua?"

"Kwetu ni ukutani, si darini. Lakini ni hivyo hivyo."

Alishuka ngazi polepole kwa ajili ya magoti yake, akanipa mwiko na kile kibao cha kushikia lipu. Bonge la kwanza liliniangukia miguuni. La pili lilinimwagikia begani. La tatu nililisukuma kwa uzito wa mwili wote, kama mama mkwe alivyonionyesha, nikahisi likipita katikati ya vijiti na kukaa. Nikavuta mwiko. Likabaki juu.

"Nani alikufundisha?" aliuliza.

"Mama mkwe."

Alicheka kwa kifua, pasipo sauti. "Mimi alinifundisha mjomba," akasema. "Wakali wote wawili, bila shaka."

Alipomaliza siku ya tatu aliniandikia namba yake kwenye kipande cha katoni. Aliniambia ana miaka sabini na miwili, kwamba amefundisha vijana kadhaa na wote wameacha wakaenda kufunga mbao za jasi kwa sababu ndiko kwenye haraka, na kwamba hawalaumu. Kama nataka kazi nimpigie.

Mume wangu aliposikia aliweka kijiko chini.

"Donc, utaacha ghala uende kupanda juu ya ngazi?"

"Nitapanda."

"Ile iko kazi ya wanaume."

"Na nyumba yetu ya kule, nani aliikandika?"

Alichukua kijiko tena. "Ni wewe na mama," akasema. "Bon. Lakini ule mzee, nataka nimuone kwanza."

Nilimwalika mzee Jumapili baada ya ibada. Alikuja na shati jingine jeupe. Nilimletea maji ya kunawa, akanawa kidole kwa kidole, akasugua hadi chini ya kucha, kisha akala ugali na samaki kwa mkono kama sisi, bila kuuliza uma. Waliongea machache, kwa sababu Kiingereza cha mume wangu nacho kilikuwa cha kiwandani. Mgeni alipoondoka mume wangu alisema: "Mutu mwenye kunawa vile hawezi kuwa na kazi mubaya." Wiki iliyofuata niliaga ghalani.

Nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza. Aliuliza neno hilo lina maana gani, nikamweleza kwamba ni heshima, akasema basi asiitwe kitu kingine. Mwaka mmoja na nusu tulizunguka Columbus tukikarabati nyumba za zamani: kliniki ya meno iliyokuwa zamani nyumba ya tajiri, kituo cha zimamoto kilichogeuzwa mkahawa, nyumba za kawaida za watu wa kawaida. Nilijifunza chokaa, jinsi inavyolazwa ndani ya maji kwa wiki nyingi mpaka iwe laini kama siagi. Nilijifunza kwamba lipu za zamani zilichanganywa na manyoya ya ng'ombe ili zisipasuke. Siku aliponionyesha unywele mwekundu ndani ya kipande cha lipu, nilikaa nao mkononi muda mrefu. Ng'ombe wetu walikuwa na rangi ile.

Ni katika gari lake, tukirudi kutoka kazini, ndipo aliponieleza habari za mjomba wake. Mzee alizaliwa Louisville, na mjomba alikuwa fundi wa lipu huko enzi za ubaguzi. Mafundi wazungu hawakumkubali katika chama chao, lakini waliposhindwa na kazi ngumu walikuwa wakimwita, naye aliingia kwa mlango wa nyuma. Alipiga lipu dari ya jumba moja la sinema katikati ya mji, maua na majani na malaika wa jasi. Jumba lilipofunguliwa alimpeleka mkewe kuona filamu, wakaambiwa wakae juu kabisa, nyuma, penye viti vya watu weusi.

"Alikasirika?" niliuliza.

"Sana. Lakini alisema pia kwamba pale juu ndipo walipokuwa karibu na dari kuliko mtu yeyote, na kwamba shangazi yangu hakutazama filamu hata kidogo." Akakata kona. "Jumba lile bado lipo. Wamelikarabati, watu wanakwenda kusikiliza muziki. Wewe umekaa Louisville miaka mitatu, hukuliona?"

Nilimwambia kwamba Louisville mimi niliona barabara ya kutoka Highview hadi ghalani, na ya kurudi.

"Ulikuwa unatazama chini," alisema, bila kunilaumu. "Watu waliochoka hutazama chini."

Kazi ya mjini Buffalo ilikuja majira ya kuchipua. Mhandisi mmoja mwanamke aliyemfahamu Mzee tangu zamani alimpigia simu. Kulikuwa na shule ya kale ya ghorofa tatu, upande wa mashariki wa mji, iliyofungwa miaka mingi. Ilikuwa inageuzwa kuwa makazi ya wazee. Kazi ingechukua miezi. Mume wangu alikubali kubaki na watoto, wifi akaahidi kusaidia, nami nikapata chumba kwa mama mmoja wa kanisa letu huko Buffalo, mtu wa Fizi, jirani na Uvira, mpishi mzuri na mwombaji wa nguvu. Kila Ijumaa ya pili nilikuwa napanda basi kurudi Columbus.

Siku ya kwanza mhandisi alituzungusha shule nzima akiwa na kofia ngumu kichwani na kikombe cha kahawa mkononi. Nilikuwa nimeshaona majengo mengi yaliyokarabatiwa, lakini sikuwahi kutembezwa na mtu anayelipenda jengo kama anavyopenda mtu. Kila darasa lilikuwa linakuwa nyumba ya mtu mmoja. Ubao mweusi wa jiwe uliachwa palepale ukutani. Kichumba ambamo watoto walitundika makoti kilikuwa kinakuwa jiko. Nilimwuliza lifti wataiweka wapi bila kubomoa, akanionyesha shimo refu lililopanda kutoka chini hadi paa: waliojenga shule walilitengeneza ili hewa safi ipande madarasani. "Lilikuwa linasubiri lifti miaka yote hii," alisema. Ngazi za mawe zilikuwa zimelika katikati, zimebonyea kama bakuli kwa miguu ya watoto wengi, na mkandarasi alitaka kuzibadilisha. Mhandisi alikataa. Aliongeza vishikio pande zote mbili kwa ajili ya wazee, na mabonyeo akayaacha.

Nilishangaa. Mimi nimetoka mahali ambapo nyumba yangu ilichomwa pamoja na kila kitu. Nilipoona watu wazima wakibishana nusu saa kuhusu ngazi za shule ambayo hakuna hata mmoja wao aliyesoma, kwanza niliona ni anasa. Nilimwambia Mzee hivyo wakati wa chakula cha mchana. Alitafuna mkate wake mpaka mwisho.

"Ningekuwa kama wewe, labda nami ningeona hivyo," akasema. "Lakini nyumba yako, kama ukuta mmoja ungesalia, ungeupitia bila kuugusa?"

Ukuta ulikuwa umesalia. Moto ulikuwa umeuchoma udongo ukawa mgumu kama chungu, nami niliugusa, nikiwa na mtoto mgongoni, kabla hatujashuka kwenda ziwani.

Kazi kubwa ilikuwa ukumbi wa ghorofa ya juu. Zamani shule nzima ilikuwa ikikutana pale. Sasa ungekuwa mahali pa wazee kula pamoja na kukutana. Dari yake ilikuwa juu sana, imepinda kidogo kama kifuniko cha sanduku, na kuizunguka yote kulikuwa na ukingo wa lipu wenye mikunjo mingi, mmoja juu ya mwingine, kama mawimbi yaliyosimama. Paa lilikuwa limevuja. Kona moja ilikuwa imeanguka pamoja na ukingo wake, mahali pengine palikuwa na nyufa na madoa ya rangi ya chai. Mkandarasi, mtu wa haraka lakini si mtu mbaya, alisema dari yote ishushwe, zifungwe mbao za jasi.

"Haiwezekani kuwaweka wazee chini ya kitu kama hiki," alisema, na hapo alikuwa sahihi.

Mzee aliomba siku tano. Mhandisi akampa.

Tulipanda kwenye jukwaa, mimi na yeye, na tukaanza kuigonga dari kwa vifundo vya vidole, hatua kwa hatua, kutoka ukuta hadi ukuta. Alinifundisha kusikiliza. Mahali ambapo lipu bado imezishika fito, panatoa sauti nzito na fupi, kama kugonga mlango wa nyumba yenye watu. Palipoachana panatoa sauti ya ngoma. Palipo pazima tulichora duara kwa chaki ya buluu, palipolegea tulichora msalaba mwekundu. Siku ya kwanza nilikuwa namwita kila baada ya dakika mbili, "Mzee, hapa je?" Siku ya tatu sikumwita tena. Alilala chali kwenye mbao upande wake, mimi nikalala chali upande wangu, na kazi ikawa kama watu wawili wanaobisha hodi katika nyumba moja.

Siku ya tano mkandarasi na mhandisi walipanda. Dari ilikuwa ya buluu karibu yote. Misalaba ilijikusanya kwenye kona ile na kwenye mstari mmoja ambapo bomba la mvua lilikuwa limepasuka.

"Mnataka kuwashusha wazima pamoja na wagonjwa," Mzee alimwambia mkandarasi kwa upole. "Hebu gonga mwenyewe."

Mkandarasi aligonga. Aligonga penye duara, akagonga penye msalaba, akarudia penye duara. Yule mtu nilimheshimu tangu siku ile, kwa kuwa alivua kofia, akajikuna kichwa na kusema: "Basi mpaka mwisho wa mwezi ujao."

Palipolegea tulitoboa vitundu vidogo, tukasukuma gundi maalumu ndani, tukaikaza lipu irudie fito zake kwa skrubu zenye visahani vipana. Palipoanguka tulikandika upya, tabaka tatu. Ilibaki kona, na ule ukingo wa mawimbi.

Ukingo kama ule hutengenezwa palepale juu. Fundi hukata bati kwa umbo kamili la mikunjo, akalipigilia kwenye kibao chenye mguu, kisha hukivuta kile kibao juu ya lipu mbichi, akikitembeza kwenye reli ya mbao. Mara ya kwanza kinaacha umbo baya. Unaongeza lipu, unavuta tena. Chokaa iliyochanganywa na jasi inakupa muda mfupi tu, kama wa kuchemsha chai, kisha inakuwa jiwe. Mzee alikuwa bingwa wa kazi ile. Alilikata bati kwa siku mbili, akilifananisha na ukingo wa zamani, akiliegemeza hapo na kuwasha taa nyuma yake mpaka pasipite mwanga.

Asubuhi ya kuvuta, alikishika kile kibao, akakiweka kwenye reli, kisha akakiondoa. Aliweka mikono yake yote miwili juu ya mbao za jukwaa, wazi, ili nione. Ilikuwa inatetemeka. Kidogo, kama uso wa maji ndani ya ndoo lori likipita.

"Tangu msimu wa baridi," alisema. "Kwenye ukuta ninaificha. Hapa haifichiki. Kila mtetemo utaonekana kama wimbi jingine."

"Kwa hiyo tutafanya nini?"

"Nitachanganya. Wewe utavuta."

Nilimwambia sijawahi kuvuta ukingo mrefu hivyo. Alisema anajua, kwa kuwa yeye ndiye mwalimu wangu. Hakusema jambo jingine la kunitia moyo, wala sikuhitaji. Mtu huyu alikuwa amenionyesha mikono yake.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilivuta vizuri hadi katikati, nikaona tobo dogo, nikasimama kulifikiria. Lipu ikavimba chini ya bati, kibao kikakwama, nilipolazimisha kikang'oa mkunjo mzima. Mzee hakunikemea. Alinipa nyundo. Tulibomoa yote, tukasafisha fito, tukanywa maji.

"Ulisimama," alisema.

"Niliona tobo."

"Tobo linajazwa kwenye mzunguko unaofuata. Ukiwa unasiriba ukuta kwenu, ulikuwa unasimama?"

Nikakumbuka kwamba tulikuwa tunaimba. Mama mkwe alianzisha wimbo wa kanisani na mkono ukafuata sauti, na hakuna aliyesimama mpaka ubeti uishe. Mchana ule niliimba. Mafundi wa umeme waliokuwa chini walizima redio yao, sijui kwa heshima au kwa mshangao. Nilivuta, Mzee akatupa lipu mbele ya bati, nikavuta, akatupa, nikavuta. Kwenye mzunguko wa mwisho alinipa lipu nyepesi kama maziwa mazito, na nilipolifikisha bati ukutani na kuliondoa, ukingo mpya ulikuwa umekutana na ule wa zamani, mkunjo kwa mkunjo. Ulikuwa na joto. Jasi ikishika huwa na joto. Niliweka kiganja changu karibu, bila kugusa, na nilihisi kama kuna kitu kinapumua.

Mzee alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. "Mjomba angetafuta kosa hapa mpaka jioni, asilione," alisema. Kisha akashuka ngazi kwenda kuosha ndoo.

Rangi ilipokwisha kupakwa, mume wangu alikuja kutoka Columbus kwa gari la rafiki yake. Alisimama katikati ya ukumbi na koti lake la kanisani, kichwa nyuma, muda mrefu sana. Madirisha yote yalikuwa yametengenezwa na mwanga ulikuwa mwingi.

"Ni wapi pale ulifanya wewe?" aliniuliza.

"Tafuta."

Alitembea kutoka kona hadi kona. Alionyesha pa kwanza, nikakataa. Akaonyesha pa pili, nikakataa. Alisimama chini ya kona yangu yenyewe, akaitazama, akapita. Mwishowe alirudi kwangu.

"Sioni," alisema. "Yote iko moja."

Nilikuwa nimengoja miaka mingi bila kujua kwamba ninangoja maneno hayo. Nilimwonyesha kona. Aliitazama tena, akanitazama mimi, akachukua mkono wangu wa kulia akaugeuza, akaangalia kiganja chenye nyufa za chokaa. Mume wangu si mtu wa kushikana mikono mbele za watu. "Mama angefurahi," alisema.

Mzee hakuchukua kazi nyingine kubwa baada ya ile. Alirudi Columbus, na mikono yake sasa ina dawa na daktari. Aliniachia mabati yake yote ya kuvutia kingo, yamefungwa kwa magazeti, kila moja limeandikwa jina la jengo. Sisi tulihamia Buffalo mwaka uliofuata, kwani mhandisi alikuwa na kazi nyingi: kanisa linalogeuzwa maktaba, kiwanda cha sabuni kinachogeuzwa nyumba. Napenda kufika asubuhi katika majengo hayo kabla mafundi wengine hawajaja, nikazunguka nikigonga. Bado nashangazwa na waliojenga. Hawakuwa na umeme juu ya majukwaa yao. Walijua kwamba nyuma ya lipu hakuna atakayeona, na hata huko nyuma fito zao zimenyooka.

Wazee walikuwa wameshahamia shuleni miezi michache nilipopigiwa simu na ofisi ya pale. Mkazi mmoja wa ghorofa ya pili ameharibu ukuta. Nilikwenda na ndoo yangu. Alikuwa mama mfupi wa asili ya Kipolandi, mwenye sweta la buluu, amekaa kwenye kiti akilia. Alikuwa amepigilia msumari ili atundike picha ya harusi yake, na lipu ikamomonyoka kipande kikubwa kama sahani.

"Walituambia jengo hili ni la historia," alisema. "Na mimi nimelivunja wiki ya kumi."

Nilimwambia si kitu. Nilimwambia kwamba ukuta usiotundikwa picha ni wa makumbusho, na hii ni nyumba yake. Nilimwuliza picha aliitaka wapi. Alionyesha mahali palepale penye shimo, kwa sababu pale ataiona akiwa kitandani. Basi nikaanza kazi. Ilibidi nije mara tatu, kwa kuwa kila tabaka lilitaka kukauka. Mara ya kwanza alinipa chai. Mara ya pili alinieleza habari za mumewe, dereva wa treni za mizigo, aliyefariki kabla ya kustaafu. Mara ya tatu aliniuliza habari zangu, nikamweleza kidogo, naye akasikiliza bila kunionea huruma nyingi, jambo ambalo ni adimu.

Nilitafuta kwa vifundo mahali penye mti mzima nyuma ya lipu, nikatoboa taratibu, nikafunga ndoano nzuri ya shaba. Picha aliitundika mwenyewe, alitaka iwe hivyo. Ilikaa imeinama kidogo upande wa kushoto. Aliniuliza kama imenyooka, nikamwambia imenyooka.